Kabla hamjakabidhi kambi zilizofungwa Kigoma, tuonesheni kwanza kilichobaki chini ya ardhi

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Wizara ya Mambo ya Ndani (Idara ya Wakimbizi), Wizara ya Ardhi, TAMISEMI, wakubwa wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), NEMC (baraza la mazingira), na halmashauri zetu za Kakonko, Kibondo, Kasulu na Uvinza

Waheshimiwa, shikamooni. Salamu kwanza maana ndo tulivyolelewa, ila sitazunguka sana.

Mimi ni mkulima wa muhogo na maharage, nakaa kijiji kilichopakana na kambi ya wakimbizi iliyofungwa, jina la kambi naliacha makusudi maana nikilitaja tu mjadala utahama hapo hapo, wataitwa watu kujieleza na kazi haitafanyika, na isitoshe haya ninayosema sio ya kambi moja. Ninachoomba ni kitu kimoja na nitakirudia mpaka mchoke: kabla hamjampa mtu yeyote ile ardhi, awe JKT, awe halmashauri, awe mwekezaji, awe sisi wenyewe wanakijiji, wekeni mezani ramani na orodha ya kila kilichofukiwa, kilichomwagika na kilichozikwa mle ndani. Kwa maandishi, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Mambo ya kambi kufunguliwa na kufungwa sisi Kigoma hatuhitaji kusimuliwa. Nyarugusu ipo tangu 1996. Mtabila pale Kasulu ilifungwa mwisho wa 2012, leo ni kambi ya JKT. Kanembwa nayo ilikuwa ya wakimbizi, leo ni JKT. Lugufu ilifungwa, leo kuna shule za sekondari. Nduta ilifungwa, ikakaa, 2015 Warundi walipoanza kumiminika tena ikafunguliwa upya. Mtendeli ikafunguliwa mwanzoni mwa 2016, ikafungwa 2021 waliobaki wakahamishiwa Nduta. Yaani hapa kwetu ardhi hiyo hiyo inaweza kuwa pori, halafu mji, halafu pori tena, halafu gwaride la vijana wa mujibu wa sheria, na mtu mmoja akayaona yote hayo kabla hajaota mvi.

Na kila mara kambi inapofungwa swali linaloulizwa kwenye vikao ni moja, nani anachukua. Hilo tu. Wanabishana hapo, JKT wanasema mapori yanawafaa kwa kilimo na mafunzo, halmashauri inasema majengo yanafaa kwa shule, wanakijiji tunasema ile ardhi babu zetu walikuwa wanalima, na wenye pesa zao wanakuja kimya kimya na magari yenye vioo vyeusi kuulizia ekari. Sijawahi kukaa kikao hata kimoja mtu akasimama akauliza chini kuna nini.

Basi niwaambie mimi chini kuna nini, kwa yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyaona bila mashine.

Kuna mashimo ya vyoo. Kambi ni mji jamani, kila familia ilikuwa na choo chake, kikijaa wanachimba kingine pembeni, cha zamani kinafukiwa kwa udongo kidogo na matawi, sasa piga hesabu mwenyewe maelfu ya familia kwa miaka mitano sita. Kiangazi huoni kitu, nyasi zimeota vizuri tena kijani kuliko kwingine. Mvua zikichanganya ndo udongo unadidimia. Ng'ombe wa jirani yangu alizama miguu ya nyuma mpaka kiunoni, tukamtoa kwa kamba na mabanzi ya miti wanaume sita tunasukumana, na harufu iliyotoka pale shimoni sitaielezea, watu wengine mnasoma hii mkiwa mnakula. Huyo ni ng'ombe, ana kilo zake na ana sauti. Mtoto wa miaka minne akiingia pale nani atasikia?

Kuna zahanati zilizokuwa mle ndani. Kila zahanati ina kichomea taka, ina shimo la majivu, ina shimo la kondo la nyuma la wazazi, ina mahali sindano zilikuwa zinatupwa. Yako wapi? Waliokuwa wanafanya kazi pale wanajua, ila mikataba yao iliisha wakaondoka, wengine wako Dar, wengine wako mashirika mengine huko Sudan Kusini, na kile walichokuwa wanakijua wameondoka nacho kichwani. Kuna sehemu zilipokuwa majenereta na matenki ya dizeli, ule udongo mpaka leo mvua ikinyesha maji yanayotuama juu yake yanang'aa rangi rangi. Kuna mabetri. Haya mabetri nataka nikae nayo kidogo.

Watoto wetu wamejifunza kazi ya chuma chakavu. Anachukua sumaku ya spika mbovu, anaifunga kwenye kamba ya nailoni, anatembea anaiburuza kwenye vumbi kambi nzima huku ana kiroba begani, sumaku inanasa misumari, vijiko, bolti, makufuli, mikono ya masufuria. Jioni anapeleka kwa mwenye mzani, anapata hela ya daftari au ya mandazi, na mimi simlaumu mtoto wala simlaumu mzazi maana hela yenyewe iko wapi. Ila betri ya gari au ya sola ikipatikana hiyo ni bahati kubwa, haipelekwi kwenye mzani hivi hivi, inapasuliwa kwa shoka nyuma ya nyumba, maji yake ya asidi yanamwagwa hapo hapo, yale madini ya risasi ya ndani yanayeyushwa kwenye sufuria kuukuu juu ya mafiga, yanamiminwa kwenye vibonyeo vya mchanga, yanatoka vipande vya kuuza kwa wavuvi wafunge kwenye nyavu zizame. Moshi ule mama anauvuta, mtoto mgongoni anauvuta. Risasi ikishaingia kwenye damu ya mtoto mdogo inaharibu ubongo na haina dawa ya kurudisha kilichoharibika, hili sio la kubishana, madaktari wote wanalisema. Na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuja kijijini kutuambia kuna mabetri mangapi yaliingia kambini na mangapi yalitoka.

Halafu kuna lile ambalo watu hawapendi kulitaja. Novemba 2017 pale Ngara, shule ya msingi Kihinga, mtoto aliokota kitu akadhani ni chuma chakavu akaenda nacho shule. Lilikuwa bomu la kutupa kwa mkono. Likalipuka likaua wanafunzi na kujeruhi wengine zaidi ya 40. Ngara ni Kagera lakini ni jirani zetu kabisa, mpaka ni ule ule, vita vilivyokuwa vinapigwa ng'ambo ni vile vile. Sisemi wakimbizi walikuja na mabomu, naomba mtu asinichukue vibaya hapo, mimi nimekula nao, nimefanya nao biashara ya muhogo na mafuta ya mawese, wengi wao walikuwa wanayakimbia hayo hayo mabomu. Ninachosema ni kwamba mkoa uliopakana na nchi mbili zilizokuwa na vita ndani miaka yote hiyo hauwezi kukabidhi maelfu ya ekari zilizokaliwa na watu wengi namna ile bila mtu mwenye ujuzi kupita kwanza na kifaa akasema hapa pako salama. Mtoto mwenye sumaku ya spika ndo anaifanya hiyo kazi sasa hivi, bure.

Kuna mtu atasema unakuza mambo, hii ilikuwa kambi ya raia sio kambi ya jeshi. Sawa, tuzungumzie za jeshi sasa, maana huko ndo kuna mafunzo yaliyoandikwa, wenzetu wamefunga kambi nyingi na matokeo tunayaona.

Ufilipino, Wamarekani walikuwa na kambi kubwa ya ndege inaitwa Clark. Juni 1991 mlima wa volkano wa Pinatubo ukalipuka, majivu yakafunika kila kitu, na mwaka huo huo Novemba kambi ikakabidhiwa kwa serikali ya Ufilipino. Mkataba wao wa tangu 1947 haukumlazimisha Mmarekani kusafisha chochote akiondoka, kwa hiyo akafunga mizigo akaenda. Sasa kulikuwa na maelfu ya familia zimekimbia volkano hazina pa kukaa, serikali ikaangalia ikaona kambi ile pale tupu, ina nafasi, ikawaweka pale kwenye eneo lililokuwa la karakana za magari ya jeshi. Watu wakachimba visima wakanywa. Baadaye maji yalipopimwa yakakutwa na uchafu wa mafuta na metali nzito, wakati huo familia zimeshayanywa miaka na watoto wameshaanza kuugua. Mpaka leo wanadai. Na ukimsikiliza Mmarekani jibu lake ni rahisi tu, mkataba haukusema.

Mnaona hapo? Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile wanawapeleka wale watu. Ilikuwa huruma kabisa, watu wamepoteza nyumba wapewe pa kulala. Kilichokosekana ni karatasi inayosema hapa palikuwa karakana, hapa walimwaga oili, msichimbe kisima hapa. Karatasi moja.

Huyo huyo Mmarekani nyumbani kwake anafanya tofauti. California kuna kambi iliitwa Fort Ord, walifundishia wanajeshi kupiga risasi na mizinga kwa miongo mingi. 1990 ikaingizwa kwenye orodha ya serikali yao ya maeneo yaliyochafuka vibaya, yaani kabla hata haijafungwa, ikafungwa 1994, na 1995 sehemu yake ikawa chuo kikuu, wanafunzi wakaanza kusoma kwenye majengo yaliyokuwa ya jeshi. Lakini angalia, sehemu zilizokuwa za kulengea shabaha walizizungushia uzio na mabango, wakawa wanasafisha kipande kwa kipande, na kazi hiyo imeendelea miaka na miaka baada ya kambi kufungwa. Hawakusubiri kila kitu kiishe ndo wafungue chuo. Pale palipo safi patumike, pale ambapo bado pafungwe, na kila mtu anajua mpaka uko wapi. 2012 eneo kubwa la pori lake likatangazwa hifadhi ya taifa, watu wanaenda kutembea na baiskeli.

Najua kinachofuata, sisi hatuna pesa za California. Nakubali, hatuna. Lakini orodha haihitaji pesa za California wakuu, inahitaji kumtafuta aliyekuwa fundi wa jenereta, aliyekuwa afisa afya, aliyekuwa mwenyekiti wa wakimbizi wa ile zoni, waliokuwa walinzi, na mashirika yaliyokuwa yanaendesha ile kambi wafungue makabati yao, maana hao kwa kuandika ripoti hawajambo, kila choo kilichochimbwa kilihesabiwa na kupigwa picha ili mfadhili aridhike. Ramani zipo! Ziko kwenye kompyuta za watu Geneva huko na Dar. Ziombeni tu. Afadhali ziombwe leo watu wakiwa hai na kumbukumbu zao zikiwa bado mbichi.

Na hata huo utaalamu wa kutafuta vitu vinavyolipuka si kwamba hatuna. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kuna shirika la APOPO, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya waliofundishwa Tanzania wamefanya kazi Msumbiji mpaka nchi ile ikatangazwa haina tena mabomu ya ardhini 2015, wamekwenda Angola, wamekwenda Kambodia, kulikuwa na mmoja aliitwa Magawa, alizaliwa hapa hapa nchini akapewa medali ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Panya wetu wanasafisha mashamba ya watu wa Asia, na Kigoma hawajakuja hata kutembea. Inachekesha ila inauma.

SUA hapo hapo nitolee mfano mwingine. Mazimbu. ANC, chama kilichokuwa kinapigania uhuru Afrika Kusini, walipewa eneo lile miaka ya sabini mwishoni wakajenga shule ya Solomon Mahlangu, wakaweka hospitali, shamba, viwanda vidogo, watoto wa Afrika Kusini wakasoma pale wakati kwao hakukaliki. Mwaka 1992 walipokuwa wanarudi kwao wakaikabidhi kwa serikali yetu na SUA ikaichukua, leo ni kampasi, ukienda unaona wanafunzi wamejaa. Hawakung'oa hata bati. Na makaburi ya wenzao waliofia pale yapo, yanatunzwa, wageni kutoka Afrika Kusini wanakuja kuweka maua.

Makaburi. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu kwenye mipango yote ya matumizi niliyosikia ikitajwa hakuna aliyetaja makaburi.

Kila kambi ina makaburi. Watu walizeeka mle, watoto walizaliwa mle wakafa mle, malaria, kuhara, na uzazi pia. Yako pembezoni, matuta ya udongo na misalaba ya miti, na msalaba wa mti Kigoma hauishi miaka miwili, mchwa wanaumaliza. Baada ya hapo kinachobaki ni tuta, na baada ya mvua kadhaa hata tuta hakuna. Mama mmoja Mrundi tuliyekuwa tunafahamiana sokoni siku chache kabla hajapanda gari la kurudi kwao alinishika mkono akaniambia kaka, mwanangu yuko pale karibu na ule mwembe uliokatika, ukipita umsalimie. Nimekuwa napita. Mwembe sasa hivi umechomwa mkaa na mimi mwenyewe naona siku si nyingi nitakuwa nakisia. Trekta ikija kulima pale, iwe ya JKT au ya mwekezaji au ya kwetu, dereva hatajua, na siku mama yule au ndugu zake wakirudi kuuliza tutawajibu nini, kwamba kuna alizeti nzuri? Kupima makaburi kwa GPS na kuyazungushia miti ya mipaka ni kazi ya siku chache ya watu wawili. Hii haihitaji hata mfadhili, aisee.

Sasa JKT. Naomba niseme wazi maana najua watu watakimbilia huko, mimi sipingi JKT kuchukua kambi. Vijana wetu wanapata ajira ndogo ndogo pembeni yao, wanauza mboga, ulinzi unaongezeka, hata barabara inapata greda. Lakini JKT ni vijana wa miaka kumi na nane wanaolima kwa majembe. Wao ndo watakaokuwa wa kwanza kupiga jembe kwenye shimo la sindano. Kwa hiyo hii orodha ni yao kabla haijawa yetu, na nashangaa kama wakubwa wao hawaidai. Jeshi letu linajua vizuri kuliko mtu yeyote kitu kilichokaa vibaya chini kinaweza kufanya nini, Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011 hatujasahau, maghala ya silaha yalilipuka watu wakafa na wengine wakakimbia usiku na watoto bila viatu. Sichokonoi kidonda, nasema tu somo tumeshalilipia.

Maji nayo. Visima virefu vya kambi ni mali, vingine vina pampu za sola, na wananchi tunavitaka hata kesho. Ila kisima kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo na mle ndani kuna sehemu vyoo vimezunguka kisima kila upande, RUWASA, wale wakala wa maji vijijini, wapime kwanza, wapime vijidudu na wapime naitreti, matokeo yabandikwe. Kikiwa safi kikabidhiwe kwa jumuiya ya watumia maji mara moja na spea zake, sio kikae mwaka mzima kinasubiri barua huku watu wanafungua nyaya usiku. Kikiwa kibaya kifungwe kwa zege, bango liwekwe. Na uchafu wenyewe hauishii kijijini, maji ya huku yote yanaelekea Malagarasi, yanapita ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ambayo nchi hii iliiingiza kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000, yanaishia Ziwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470 na tundu moja tu la kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Kitakachoingia mle kitakaa. Walaji wa samaki wetu migebuka huko Dar wanaoagiza kwa treni nao wajue hili linawahusu.

Majengo nasema kwa ufupi. Wekeni mlinzi tangu siku ya kwanza. Jengo lisilo na mtu linaisha haraka kuliko jengo linalotumiwa vibaya, linaanza dirisha, unafuata mlango, siku ya tatu bati, na wanaochukua ni sisi wenyewe, tusidanganyane. Wodi ya zahanati ambayo ingekuwa zahanati ya kata inageuka paa la banda la mbuzi la mtu.

Kuhusu matumizi sasa, kijijini hatukubaliani na sitaki kuwadanganya kwamba tuna sauti moja. Wazee wanataka mashamba yao ya zamani. Vijana wanataka chuo cha ufundi, VETA ndogo, maana ya Kigoma mjini ni mbali na nauli ni nauli. Wamama wanataka soko, lile soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji lilikuwa linaingiza hela kwelikweli na lilipokufa wengi walirudi kuuza nyanya barabarani. Mimi binafsi naona sehemu kubwa iachwe iote miti, miti yetu iliisha kwa kuni na tukiweka mashamba tena kila mahali vijito vitakauka vyote, ila hilo ni langu, nitalisema kwenye mkutano mkuu wa kijiji na wakinizomea nitakaa chini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 imetupa huo mkutano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imewapa NEMC meno. Sheria zipo miaka yote hii, tumieni tu.

Lakini siwezi kuchagua kati ya shamba na chuo na soko na msitu kama sijui wapi kuna dizeli, wapi kuna sindano na wapi kuna mtoto wa yule mama. Wala ninyi hamuwezi. Mnachofanya sasa ni kugawa kitu ambacho hamjakiangalia.

Kuna watu huku mwisho wa reli wanapenda kusema mambo haya ya kuondoka kwa mpangilio ni ya Wazungu. Hivi wamesahau Liemba? Ile meli Mjerumani aliileta vipande vipande, ikaunganishwa hapo hapo Kigoma, ikaingia majini 1915 ikiwa meli ya vita yenye mzinga. 1916 adui alipokaribia wakaizamisha wenyewe, ila mafundi kabla ya kuizamisha wakapaka injini grisi nzito ili siku ikiibuliwa isiwe imeoza. Mwingereza akaiibua 1924, 1927 ikarudi kazini kubeba abiria na dagaa, na mwaka 2015 ndo hiyo hiyo iliyowachukua Warundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma mjini, wakapita uwanja wa Lake Tanganyika, wakapelekwa kwenye hizi hizi kambi ninazoziandikia barua. Watu walikuwa vitani, wanakimbia, na bado walipata muda wa grisi. Sisi tunafunga kambi kwa amani, kwa ratiba, kwa vikao vyenye posho, tunashindwa kuacha ramani?

Kwa hiyo waheshimiwa kwa kambi zilizokwishafungwa naomba timu ndogo, mtu wa afya mazingira, mtu wa maji, mpima ardhi na mtu mmoja wa jeshi anayejua vilipuzi, waje na yule fundi wa zamani wa jenereta kama bado yupo, wazunguke na viongozi wa kijiji na wachore ramani. Kwa kambi ambazo bado zina watu, na zinazozungumzwa kufungwa kila siku, anzeni kuandika leo wakati wanaojua wapo na mashirika bado yana ofisi na magari, na kwenye hati ya makabidhiano muandike nani anasafisha nini na kwa hela ya nani, tusije tukaambiwa na sisi kwamba mkataba haukusema.

Kiangazi ndo wakati wake, mashimo yanaonekana kwa rangi ya nyasi na barabara inapitika hata kwa gari dogo. Mkija pitieni ofisi ya kijiji kwanza, mwenyekiti ana daftari la kaya ambazo watoto wao wanaokota chuma mle ndani, muanze nao hao, maana wanajua kona zote.

Mimi mkazi wa kijiji jirani na kambi iliyofungwa,
Kigoma